Siku Kalamu ya Jaji Mwamvita Ilipoandika Utani

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine, maana Kortini walikuwamo wajinga wa kutosha, na kila mmoja wao angeweza kujitetea vizuri kuliko mimi. Lakini siku ile zamu ilikuwa yangu, nami niliishika kwa mikono miwili.

Kazi yangu ilikuwa kinywa. Sikuwa na cheo kingine. Watu waliniita Kinywa, mke wangu naye akaniita Kinywa, mpaka jina nililopewa na babu likachoka kuningoja, likaenda zake. Nilikuwa mkalimani wa Korti katika mji ambao siutaji, kwa sababu kila nilipojaribu kuutaja uligeuka ukawa mwingine. Ulikuwa na Mlima upande huu, Mto upande ule, na katikati Jumba Kubwa lenye bustani inayokunywa maji kuliko watu. Saa ya mnara wake haikusimama wala haikwenda. Ilikuwa ikifikiri. Mtu aliweza kuingia Kortini akiwa kijana kusikiliza shauri la jirani, akatoka ana mvi, akaambiwa shauri limeahirishwa.

Mkalimani hasemi "yeye". Huo ndio msingi wa kazi, na ndio ugonjwa wake. Shahidi akisema kwa lugha yake "nilimwona", nami nasema kwa lugha ya Korti "nilimwona". Sisemi "anasema alimwona", maana Jaji hataki wawili kizimbani. Kwa hiyo, katika maisha yangu, mimi nimeua. Mimi nimeuliwa baba. Mimi nimeibiwa mbuzi, na mimi nimemla mbuzi huyohuyo, asubuhi ileile, nimesimama palepale na viatu vilevile. Mimi nimeachwa na mume. Mimi nilimwacha kwa sababu chakula chake hakikuwa na chumvi. Mimi sikuwapo. Mimi nilikuwapo lakini kulikuwa na giza. Mimi, Mheshimiwa, ni mjane, ni mtoto, ni askari niliyekamata, na ndimi niliyekamatwa. Nikirudi nyumbani jioni, mke wangu akaniuliza nimeshindaje, nilibaki nikijiuliza ni nani kati yetu anayeulizwa.

Sasa kuhusu kalamu. Korti yetu haikuwa na mashine ya kunasa sauti. Jaji mwenyewe aliandika kila linalosemwa, kwa mkono wake, neno baada ya neno, huku akisikiliza, akipima, akitazama nyuso. Ndiyo maana mashahidi wetu walisema kama watu wanaolisha ndege: wanatupa neno, wanangoja, wanatupa neno, wanangoja. Karani aliwakumbusha, "Taratibu, mzee, fuata kalamu." Nimewaona watu wakiingia na hasira za kuua, wakafuata kalamu, wakafika mwisho wa ushahidi hasira imekwisha, kwa sababu hasira haijui kungoja wino. Wakati mwingine nilifikiri kwamba haki yote ya mji ule haikuwa sheria wala adhabu. Ilikuwa ule mwendo wa kalamu tu, ule wa kumlazimisha mtu aliseme jambo lake polepole mpaka yeye mwenyewe alisikie.

Na kalamu ilikuwa ya Jaji Mwamvita, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Kwa lugha ya mji wetu, mtu wa kwanza ni mtu anayetazamwa. Walimtazama tangu alipoingia mpaka siku ninayoisimulia, ambayo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, na katika muda huo wote walikuwa wakingoja kitu kimoja: afute. Afute neno, akate mstari, aandike juu yake jingine, atie sahihi pembeni kama sheria inavyotaka. Hakufuta. Majaji waliomtangulia waliacha kurasa zilizokatwakatwa kama shamba la mihogo lililoingiliwa na nguruwe, wala hakuna aliyewauliza. Kurasa zake zilikuwa safi, na mji ulijivunia usafi ule kama mtu anavyojivunia ukimya wa mke wake, bila kuuliza umetoka wapi.

Shauri la mwisho lilikuwa la Lugendo, mtu wa Mto. Karani alisoma shitaka: kwamba yeye Lugendo aliinua lango la maji lililofungwa kwa amri, na maji ya bustani ya Jumba Kubwa yakateremka kwenda kwenye mashamba ya wenziwe. Adhabu ya kosa hilo ni moja. Unapelekwa Nyuma ya Ukuta.

"Kinywa," Jaji akasema bila kuinua kichwa, "mweleze shitaka. Muulize anakubali au anakataa."

Mimi ni mtu wa Mlima. Lugendo ni mtu wa Mto. Na watu wa Mlima na watu wa Mto ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka kuzikana, wakapatana kwamba tangu siku hiyo watachukuliana kila kitu isipokuwa roho. Mtani akikuvua kofia barabarani, mshukuru kwa kukuachia kichwa. Akikutukana mbele ya wakwe zako unacheka, na atakayekasirika analipa pombe. Basi nilipomwona Lugendo kizimbani, amevaa shati la kuazima lililomfika magotini, uso umekunjamana kama wa mtu aliyekula ndimu kwa heshima ya mwenyeji, ulimi ulinikereketa. Badala ya kumweleza shitaka nilimwambia kwa lugha ya Mto, "Leo umepatikana, mla kambare. Tulia, nakukubalia mimi mwenyewe, ukapumzike."

Lugendo akacheka. Angefanya nini? Ni mtani wake.

Nami, kwa wazimu wa mtu aliyeona kichekesho chake kimepokewa, nikamgeukia Jaji, nikasema kwa lugha ya Korti, kwa sauti yangu ileile ya kazi, "Mimi nakubali. Watu wa Mto tangu lini tukayakataa maji?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nilingoja Jaji ainue macho aniambie, kama alivyozoea, "Kinywa, fanya kazi yako." Ningeomba radhi, ningeinama kidogo, ningeanza upya. Hakuinua macho. Nilichosikia ni kalamu, inakwenda, inakwaruza, kama panya mdogo anayeguguna mkeka katika nyumba ambayo watu wamelala.

"Mshtakiwa anasema, mimi nakubali," akasoma alichoandika. Sauti yake ilitoka mbali, kama anayesoma kutoka chumba kingine. "Korti itarudi kutoa adhabu kivuli cha kiti hiki kitakapofika mlangoni."

Wakasimama wote. Wakili Semboja, mwendesha mashtaka, mtu mwenye adabu na suti isiyojua kukunjamana, alinipita akanishika bega. "Ahsante, Bwana Kinywa. Umetuokolea mchana mzima."

Nikajaribu kucheka. Kicheko kikakataa kutoka. Nikashuka ngazi.

*

Chumba cha mahabusu kilikuwa chini ya ngazi, kwa hiyo Lugendo alikuwa akisikiliza viatu vya wakubwa vikipita juu ya kichwa chake. Aliponiona alisogea.

"Karibu, mtani. Samahani kwa kiti. Hiki ni cha serikali, nami pia nimekuwa cha serikali."

"Umeelewa kilichotokea?"

"Nimeelewa kwamba nimefungwa na mtu wa Mlima. Nyumbani hawatanisamehe. Walitegemea nitafungwa na mtu wa maana."

"Lugendo, niache kidogo na utani."

"Wewe ndiye uliyeuanza. Sasa unautaka uishe kwa sababu umekuchosha?"

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamweleza. Korti ikirudi anyooshe mkono, aseme hakukubali, aseme mkalimani alimsemea kwa mzaha. Nitafukuzwa kazi, nayo itakuwa haki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anayefuata kalamu.

"Kwa hiyo nikushitaki," akasema.

"Ndiyo."

"Mtu wa Mto amshitaki mtu wa Mlima kwa utani, mbele ya Korti, waandike."

"Ni Nyuma ya Ukuta, bwana wee. Unajua ni wapi?"

"Kaka yangu alikwenda. Aliporudi tulimwita kwa jina lake, akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa." Viatu vikapita juu yetu. "Sasa sikiliza, mtani. Siku nitakaposimama pale niseme utani wa babu zetu ni kosa, kuna mtu wa Mto kilabuni atavuliwa kofia na mtu wa Mlima, atakasirika, atasema hata Lugendo alikasirika. Yule wa pili naye atakasirikia hasira yake. Halafu? Wewe hukuyaona yale makaburi ya zamani, yako upande wetu wa maji. Mimi nalima kando yake."

"Utakwenda Nyuma ya Ukuta kwa ajili ya kofia?"

"Nenda kwa yule mama. Mwenye kalamu ni yeye. Mimi nilikuwa na mdomo tu, nao umeshauazima."

Nilisimama. Mlangoni nikageuka, sijui kwa nini, nikamuuliza, "Lakini lango, uliliinua?"

Lugendo akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyeomba chakula akiwa amechelewa.

"Hilo ndilo swali uliloambiwa uniulize kule juu," akasema.

*

Ujia unaokwenda ofisini kwa Jaji Mwamvita haukuwa mrefu siku za kawaida. Siku ile ulirefuka. Kila mlango niliopita ulikuwa mwaka wake mmoja, na milango yote ilikuwa wazi, na katika kila mmoja alikuwamo yeye.

Nilimwona kijana, joho limemzidi, kwa sababu lilishonwa kwa kipimo cha mwanamume na fundi alikataa kulikata akisema litamfaa atakayekuja baada yake. Alilikunja mikono kwa pini za nywele, akaingia Kortini hivyohivyo, pini zikimeta. Nilimwona akivuka barabara kwa haraka kwenda kujisaidia kwenye hospitali ya wazazi ng'ambo, maana upande wa majaji hapakuwa na choo cha wanawake, na wanaume waliokaa barazani wakitoa saa zao mifukoni kupima amechukua muda gani. Akajifunza kutokunywa maji. Watu walimsifu kwa uvumilivu wake wa kukaa kitini. Hawakujua wanasifu kiu.

Nilimwona katika mlango mwingine amekaa chini ya turubai huko nyikani, maana alikuwa ameamua kwamba kama watu hawawezi kutembea mpaka Kortini, Korti nayo ina miguu. Kuku wanapita chini ya meza. Mbuzi, ambaye ndiye kielelezo cha shauri, anakula pembe ya joho. Yeye anaandika. Nilimwona amesimama na simu sikioni, sauti ya Jumba Kubwa ikinguruma ndani ya simu, naye anajibu polepole, "Nimekusikia. Njoo basi uyaseme hayo kizimbani, utaapishwa kama wenzako." Akairudisha simu, akakaa, akafungua jalada lililofuata.

Na nikajiona mimi. Hilo sikulitegemea. Katika mlango mmoja nilikuwamo, mwembamba, nimeshika kofia, nikisikiliza anavyowaambia wakubwa wa Korti kwamba hatasikiliza tena shauri la mtu asiyeielewa lugha anayofungwa nayo. Kabla yake watu walihukumiwa kama ng'ombe wanavyohesabiwa, kwa kuguswa mgongoni. Yeye ndiye aliyesema lazima pawe na kinywa. Wakampinga, wakasema vinywa ni vingi mno, akasema basi tuanze na kimoja. Yule kijana mwenye kofia akainua uso akanitazama kupitia miaka yote ile, nami nikatazama pembeni, nikaongeza mwendo.

Nilikuwa nikijiuliza swali ambalo sijapata wa kuniulizia kwa lugha nyingine: mtu akichoka, kazi yake nzuri hukaa wapi? Je, hubaki mikononi mwake, au humtoka ikasimama peke yake, ikamtazama, ikamwona kuwa ni mzigo? Maana nimewaona watu wazuri wakifanya mabaya, si kwa kubadilika, ila kwa uchovu tu, kwa kuziacha sehemu zao ziende zenyewe. Dikteta anayefahamika ni dikteta mwepesi. Mzito ni mazoea, ambayo hayana uso, hayana simu ya kupiga, na huwezi kuyaita kizimbani.

Nje ya mlango wa mwisho walikaa wasichana wawili kwenye benchi, wanasheria vijana, wamenyooka kama mishumaa, wamevaa viatu vya kuwabana. Hawakuniuliza kitu. Walikuwa wakingoja.

*

Jaji Mwamvita alikuwa ameutia mkono wake wa kulia ndani ya bakuli la maji ya moto na chumvi. Kalamu imelala mezani. Joho limetundikwa, na bila mtu ndani yake lilionekana limechoka kuliko yeye.

"Funga mlango, Kinywa. Hewa ya huko nje inaingia mifupani."

Nikafunga. "Mama, nilitania."

"Najua."

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Ulijua, Mama, ukaandika?"

"Mkono uliandika. Mimi nilikuwa mbali kidogo." Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Siku hizi mkono hufika kabla yangu. Neno linatoka kwako, linaingia kwenye kalamu, halipiti kwangu. Nilipogutuka, wino ulikuwa umekauka. Na wewe je? Ulikuwa wapi ulipoyasema yale?"

Nilifikiri. "Nami sikuwapo, Mama."

"Unaona. Kinywa kisicho na mtu, na mkono usio na mtu. Mle ukumbini mtu alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyemfunga."

Akaugeuza mkono ndani ya maji. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kuufuata umbo la kalamu, hata ilipokuwa haimo.

"Basi futa," nikasema. "Mstari mmoja tu. Futa, utie sahihi, umwulize upya."

"Unajua siku yangu ya kwanza walikuja na karanga? Walikaa viti vya nyuma, wanamenya, wanangoja. Si wabaya. Baadhi yao walikuja baadaye kunipa pole nilipofiwa. Lakini walitaka waone nikifuta. Mwanamume akifuta, wanasema anafikiri. Mimi ningefuta, wangesema walijua. Nikajifunza kutoandika mpaka nimelishika neno lote. Nikajifunza kutokosea, Kinywa, na hicho si kitu anachopaswa kujifunza binadamu. Kinamkausha."

"Lakini leo ni mwisho, Mama. Kesho utakuwa nyumbani. Wakisema, watasema wakiwa huku."

"Umewapita wale wawili hapo nje?"

"Nimewapita."

"Jumba Kubwa limesema kiti hiki atapewa mwanamke mwingine iwapo wa kwanza ataondoka bila doa. Wameyasema kwa kicheko, lakini wameyasema. Semboja mwenyewe kaniletea maneno hayo, na alidhani ananiletea zawadi. Nikifuta mstari mmoja, nawafuta na wao."

Hilo sikulijua. Nikakaa nalo. Nikamfikiria Lugendo chini ya ngazi, akisikiliza viatu. Nikamfikiria kaka yake akigeuka kutazama nyuma.

"Na usipofuta?" nikauliza.

"Nisipofuta, nitawaachia kiti kilichokaa juu ya mtu. Watakikalia wakiwa wamenyooka vilevile. Watakuwa wasafi sana." Akautoa mkono majini akautazama kama anautazama mkono wa jamaa aliyekopa asirudishe. "Nilidhani siku ya mwisho itakuwa nyepesi. Nilidhani kuna mahali fulani uchovu unaisha, mtu anafika, anaambiwa, haya, weka chini. Kumbe unaweka chini kitu kimoja, unapewa kingine."

Nilitaka kumchekesha. Ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo nyumbani kwetu, na ilikuwa imeshaua mtu nusu. Nikamsogezea taulo.

"Niambie," akasema akijifuta kwa taulo. "Miaka yote hii umesema mimi, mimi, mimi. Umewahi hata mara moja kusema hivyo ukawa unajisema wewe?"

"Leo ndiyo nilijaribu, Mama. Ikawa kosa la mtu mwingine."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha kukohoa, cha mtu ambaye hakukitumia kitambo. Akalitwaa joho.

"Nenda. Kivuli kimefika."

"Utafuta, Mama?"

"Nimesema nenda."

*

Ukumbi ulijaa. Habari ya siku ya mwisho ya Jaji ilikuwa imezagaa, na watu walikuja kumwona akiondoka safi, kama wanavyokwenda kutazama jua likipatwa. Wasichana wawili waliketi nyuma, mahali palepale pa wala karanga. Lugendo alirudishwa kizimbani na shati lake la kuazima. Aliponitazama akanyanyua nyusi, kama anayeuliza: sasa tena unanisemea nini? Wakili Semboja alikuwa amekunja mikono, mtulivu, mtu anayengoja sala ya mwisho ili aende kula.

Jaji Mwamvita aliingia, akakaa. Akafungua ukurasa. Saa ya mnara ilifikiri. Halafu akaishika kalamu, nami nikaona kwamba safari hii hakuishika kama anavyoshika kila siku. Aliishika kwa vidole vyote, kama mtoto anayefundishwa, na macho yake yalikuwa hapohapo ilipo ncha. Akakata mstari. Alikata taratibu, kutoka mwanzo wa neno mpaka mwisho wake. Sikuwahi kusikia sauti ile Kortini mwetu. Ilikuwa kama kitambaa kizuri kinachochanwa ili kumfunga mtu kidonda.

Akatia sahihi pembeni.

"Korti inafuta ilichoandika," akasema. Sauti ilikuwa yake, na ilikuwa karibu. "Mshtakiwa hajaulizwa. Kinywa alijisemea, nami nikamwandikia. Kinywa, mweleze shitaka lake kama inavyotakiwa, umuulize."

Kule nyuma mmoja wa wale wasichana aliinama, nikadhani analia. Alikuwa akivua viatu.

Nikamgeukia Lugendo, lakini Wakili Semboja alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa, kwa heshima kubwa. Korti hii haijapata kufuta."

"Sasa imepata."

"Mheshimiwa anajua leo ni siku gani, na kuna nani wanaotazama."

"Nawaona. Wanaona pia?"

"Wanaona doa, Mheshimiwa. Nami nasikitika kusema hivyo, maana nilitaka uondoke kwa sifa zako zote."

"Sifa zangu ni nyepesi, Wakili. Nitazibeba hata zikipungua. Endelea na hoja."

Semboja akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini alichokuwa akikisema, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu.

"Hoja yangu ni hii. Mshtakiwa alisikia maneno ya mkalimani kwa lugha yake mwenyewe. Hakukana. Alicheka. Anayecheka kosa lake amelikubali."

"Alicheka na mtani wake."

"Ndilo ninalolisema, Mheshimiwa. Tukikubali kwamba neno la Kortini linaweza kutanguliwa na utani, kesho kila shahidi atasema alitania. Kila muuaji. Hapa si kilabuni. Hapa neno ni mlango, na mtu akishaingia ameingia. Alikuwa na nafasi ya kutoka, alikaa, alicheka, akaturuhusu tuandike. Kwamba aliingia kwa utani, hilo ni lake na watani zake. Sheria haiangalii uso aliouvaa mtu wakati wa kuingia. Aliyeingia, ameingia."

Ilikuwa hoja nzuri. Niliona vichwa vikitikisika kukubali, hata kimoja cha mtu wa Mto. Nilimtazama Jaji Mwamvita. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mezani, umefunguka, vidole vilivyopinda vikionekana, na hakufanya juhudi ya kuuficha.

"Wakili Semboja," akasema, taratibu, kama anayetaka aandikwe, "msibani kwetu mtani wa marehemu huruka akaingia kaburini, akalala chali, akaapa kwamba hatoki. Kwenu huwa mnamfukia?"